Kugawana mafaili kwa kompyuta ni ‘kopa ng'ombe, lipa ng'ombe'

WAFUGAJI wengi wanaufahamu mpango wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Familia moja hupewa mtamba. Humtunza mpaka azae, na ndama jike wa kwanza hauzwi wala hachinjwi, bali hupelekwa kwa jirani aliye kwenye foleni. Jirani naye hufanya hivyohivyo kwa anayemfuata. Baada ya miaka kadhaa nyumba nyingi kijijini zinakamua maziwa, ingawa aliyeanzisha mpango alileta mitamba michache tu.

Aliyeuelewa mpango huo amekwisha kuelewa nusu ya jambo linalowatatiza watu wengi wanaoanza kutumia kompyuta, nalo ni kugawana mafaili kati ya watumiaji wenyewe kwa wenyewe, bila ya kila mmoja kwenda kuchota kwenye ghala moja. Mjini vijana huliita "torenti". Wengine wamelisikia likitajwa pamoja na wizi wa nyimbo na filamu, wakaishia hapo.

Mkulima au mwenye duka la pembejeo anaweza kuuliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, bando la intaneti ni gharama ya biashara kama zilivyo nauli na gharama ya magunia. Pili, siku hizi mafaili yana thamani. Video ya kupambana na kiwavijeshi vamizi, jedwali la kutunza mahesabu ya kikundi na programu ya kuandikia barua ni mafaili. Tatu, wapo waliopoteza fedha, kazi zao za miezi mingi au amani yao na sheria kwa kuingia kwenye mambo haya bila kujua yanavyokwenda.

Katika makala hii tutaeleza mfumo huu hatua kwa hatua, kisha tutajibu swali ambalo mchumi huuliza kabla ya mengine yote: nani analipa?

Mzani mmoja, foleni ndefu

Tuanze na njia ya kawaida. Unapopakua wimbo au kitabu kutoka kwenye tovuti, faili hilo limehifadhiwa katika kompyuta moja kubwa inayoitwa seva. Kompyuta yako inaomba, seva inatoa. Wakiomba watu 10, seva inatoa mara 10. Wakiomba 1,000, inatoa mara 1,000.

Aliyewahi kupeleka korosho au pamba kwenye chama cha msingi siku ya msimu kuanza anajua tatizo lake. Ghala ni moja na mzani ni mmoja. Hata mzani ukiwa mzuri, foleni inaongezeka kila mkulima anapofika, na wa mwisho anaondoka usiku.

Tufanye hesabu ya karatasini. Faili lina ukubwa wa megabaiti 700, yaani MB 700. Watu 100 wanalihitaji. Seva ina uwezo wa kutoa megabiti 10 kwa sekunde, na megabaiti moja ni sawa na megabiti 8. Mzigo wote ni 700 mara 100 mara 8, sawa na megabiti 560,000. Ukigawanya kwa 10 unapata sekunde 56,000, ambazo ni zaidi ya saa 15.

Sasa chukua watu walewale 100, kila mmoja akiwa na uwezo mdogo wa kutoa megabiti 1 tu kwa sekunde. Uwezo huo kwa kawaida hulala bure wakati mwenye kompyuta akipokea. Wakikubali kupeana wao kwa wao vipande walivyokwisha kupata, uwezo wa kutoa unakuwa 10 ya seva na 100 ya kwao, jumla 110. Mzigo uleule wa 560,000 ukigawanywa kwa 110 unakwisha kwa sekunde kama 5,100, ambazo hazifiki saa moja na nusu.

Hakuna aliyenunua seva kubwa zaidi. Kilichobadilika ni kwamba kila aliyefika kwenye foleni amekuja na mzani wake mdogo. Watu wakiongezeka, mzigo unaongezeka na mizani inaongezeka pia. Wataalamu huuita mfumo wa mwenza kwa mwenza, kwa kuwa kila kompyuta ni mtoaji na mpokeaji kwa wakati mmoja.

Mtindo huu ulivyoanza

Mfumo huu ulijulikana duniani mwaka 1999, pale kijana wa Kimarekani Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, alipotoa programu ya Napster. Watu waliitumia kupeana nyimbo. Nyimbo zenyewe zilikaa katika kompyuta za watumiaji, lakini Napster iliweka daftari moja kuu lililoonyesha nani ana wimbo gani.

Daftari hilo ndilo lililoiponza. Kampuni za muziki zilikwenda mahakamani Desemba 1999 zikidai haki zao zinavunjwa. Kwa kuwa daftari lilikuwa mikononi mwa kampuni moja, mahakama ilijua wa kumbana. Julai 2001 Napster ilizima huduma yake, na mwaka 2002 kampuni ikafilisika.

Kabla hata Napster haijafungwa, Machi 2000 ulizuka mfumo mwingine uitwao Gnutella ambao haukuwa na daftari kuu. Kila kompyuta iliuliza kompyuta za jirani, nazo zikauliza za jirani zao, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea kwa kuuliza nyumba hadi nyumba.

Hapo likajitokeza tatizo ambalo kila mweka hazina wa kikundi analijua. Watafiti wawili wa Marekani, Eytan Adar na Bernardo Huberman, waliuchunguza mtandao wa Gnutella mwaka 2000. Walikuta kwamba karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakutoa faili lolote. Walichukua tu. Na karibu nusu ya majibu yote yaliyotolewa kwenye mtandao huo yalitoka kwa asilimia 1 ya kompyuta.

Kwa lugha ya kijijini, watu saba katika kila kumi walikula ng'ombe pamoja na ndama, na mzigo wa kijiji kizima ukabebwa na nyumba chache. Wachumi huwaita watu hao wadandiaji, wanaopanda gari bila kulipa nauli. Hakuna ushirika unaodumu kwa mtindo huo, uwe wa maziwa, wa kahawa au wa kompyuta.

Kanuni ya nipe nikupe

Jibu lililofanya kazi lilitoka kwa mtaalamu wa programu wa Kimarekani, Bram Cohen, aliyetoa BitTorrent mwaka 2001. Mwaka 2003 aliieleza katika mkutano uliofanyika Berkeley, California, kuhusu uchumi wa mifumo ya aina hii. Hoja yake kubwa ilihusu motisha, yaani nini kinamfanya mtu atoe.

BitTorrent inafanya kazi hivi. Kwanza, faili linakatwa vipande vidogo. Faili letu la MB 700 likikatwa kwa vipande vya kilobaiti 256 linatoa vipande 2,800. Anayepakua hahitaji kuvipata kwa mfuatano. Anaweza kuanza na cha 1,500, kisha cha 3, kisha cha 2,799, halafu programu ikavipanga mwishoni.

Pili, mara anapopata kipande kimoja tu, anaweza kumpa mwenzake asiyekuwa nacho. Hangoji faili litimie. Ni kama mtamba angeweza kumnufaisha jirani kabla hajazaa.

Tatu, programu hutoa kwa anayetoa. Katika utaratibu alioueleza Cohen, kompyuta yako huchagua wenza wanne wanaokupa kwa kasi kubwa kuliko wengine, nawe unawapa. Baada ya kila sekunde 10 hesabu inafanywa upya. Aliyelegea anaachwa, na aliyeongeza bidii anachukua nafasi yake. Anayefunga mkono hafukuzwi, ila anapata kidogo na kwa kuchelewa.

Je, mgeni ambaye hana hata kipande kimoja atatoa nini? Cohen alilifikiria hilo. Mbali na wale wanne, programu humchagua mwenza mwingine kwa bahati nasibu na kumpa bure, kisha baada ya sekunde 30 humchagua mwingine. Huko ndiko mgeni anakopata kipande chake cha kwanza. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Nne, kipande ambacho ni adimu kinatafutwa kwanza. Kama watu 50 wana kipande cha 7 lakini wawili tu wana cha 90, programu hukimbilia cha 90. Mkulima makini hufanya vivyo hivyo na mbegu ya asili iliyobaki katika nyumba mbili. Anaizalisha hiyo kwanza, maana nyumba hizo zikiungua mbegu imekwisha.

Mbegu na ruba

Msomaji mkulima atafurahi kujua kwamba lugha ya watu wa torenti imetoka shambani. Mwenye faili zima anayeendelea kuligawa huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mbegu. Anayechukua bila kurudisha huitwa ruba, yule mdudu wa kwenye maji anayenyonya damu. Na kundi zima la kompyuta zinazogawana faili moja huitwa kwa neno linalotumika kwa kundi la nyuki.

Ukitazama orodha ya torenti utaona idadi ya mbegu na idadi ya wanaopakua. Faili lenye mbegu 200 litakuja haraka. Lenye mbegu sifuri huenda lisikamilike kabisa, hata ukisubiri wiki nzima, kwa kuwa kuna kipande ambacho hakuna aliye nacho. Torenti inakufa mbegu yake ya mwisho ikizimwa na wenye vipande wasipoweza kutimiza faili zima kati yao.

Ndiyo maana waungwana wa mfumo huu hubaki wakigawa baada ya kumaliza, angalau mpaka watoe kiasi kilekile walichopokea. Kanuni ya nipe nikupe haimlazimishi aliyekwisha kupata, na hapo mfumo unategemea uungwana wa watu.

Lebo kwenye kila mfuko

Utauliza: nikipokea vipande kutoka kwa watu 40 nisiowajua, nitajuaje kwamba mmoja hakunichanganyia mchanga kwenye mchele?

Torenti yenyewe ni faili dogo linalobeba orodha. Ndani yake kila kipande kimeandikiwa alama yake, mfano wa alama ya kidole, inayopatikana kwa kukokotoa yaliyomo. Kipande kinapofika, programu hukokotoa upya na kulinganisha. Ikiwa hata herufi moja imebadilika, alama hailingani na kipande hutupwa, kisha kinaombwa kwa mwingine.

Lakini hapa pana mtego unaowanasa wengi. Alama inathibitisha kwamba ulichopokea ndicho alichokiweka mwanzilishi. Haithibitishi kwamba alichokiweka ni kizuri. Tapeli anaweza kujaza nafaka ya kawaida kwenye mfuko, akaushona na kuubandika lebo ya kughushi. Mfuko utakufikia haujaguswa njiani, na bado mahindi hayataota vizuri. Kwa mbegu tunaangalia lebo ya TOSCI na duka linaloaminika. Kwa faili tunaangalia ni nani aliyetoa torenti.

Virusi vingi hupenya kwa njia hii. Mtu anatafuta programu ya kulipiwa akitaka aipate bure, anapakua, na ndani kuna kirusi kinachofunga mafaili yake yote mpaka alipe. Kwa duka dogo linalotunza madeni ya wateja kwenye kompyuta moja, hiyo ni hasara inayoweza kulifunga. Ukiona faili linaloitwa wimbo lakini jina lake linaishia na .exe, au .apk kwenye simu, usilifungue. Hizo ni alama za programu, na wimbo si programu.

Nani analipa?

Sasa tufike kwenye swali la uchumi. Faili lina sifa moja inayolitofautisha na ng'ombe. Ukimpa jirani ndama, wewe huna tena ndama huyo. Ukimpa jirani faili, bado unalo. Ndiyo maana watu wengi husema kugawana mafaili hakuna gharama.

Si kweli. Gharama ipo, ila imehamia kwingine. Katika njia ya seva, mwenye seva ndiye anayelipia kutoa. Katika njia ya mwenza kwa mwenza, gharama ya kutoa inagawanywa kwa watumiaji wote, nayo inakatwa kwenye umeme wao na intaneti yao.

Kwa mtu wa Ulaya au Marekani anayelipa kiasi kilekile kwa mwezi, atumie asitumie, gharama hiyo haionekani. Kwetu wengi tunanunua bando la kupimwa. Kila MB inayotoka inahesabiwa sawa na inayoingia. Ukipokea MB 700 na kuzirudisha MB 700 kwa uungwana, umetumia MB 1,400.

Mwandishi wa makala hii alijifunza hilo kwa kukatwa mfukoni. Jioni moja niliweka programu ya ofisi ipakuliwe kwa torenti, faili lisilozidi MB 400, nikaenda kulala kompyuta ikiwa imewashwa. Asubuhi bando la GB 5 lilikuwa limekwisha. Kupakua kulimalizika mapema usiku. Muda wote uliobaki kompyuta yangu ilikuwa mbegu, ikiwagawia watu wa nchi za mbali kwa gharama yangu. Hakuna aliyeniibia. Programu ilifanya kazi yake, mimi ndiye sikuwa nimesoma masharti.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, fungua sehemu ya mipangilio ya programu uweke ukomo wa kasi ya kutoa na kiwango cha kurudisha. Kazi ikiisha, ifunge programu kabisa, usiishie kuificha dirisha lake. Na kama uko kwenye bando la kupimwa, linganisha kwanza. Faili dogo ambalo tovuti ya mwenyewe inalitoa moja kwa moja ni nafuu kulipakua hukohuko.

Aidha, mwenye duka la steshenari lenye kompyuta kadhaa afahamu kwamba Windows, kuanzia Windows 10 iliyotoka mwaka 2015, ina utaratibu wa kugawana masasisho kati ya kompyuta. Ukiuruhusu kwa kompyuta za ndani ya duka tu, sasisho lililokwisha kupakuliwa na kompyuta moja linaweza kuchukuliwa na nyingine bila kula bando tena. Hakikisha tu hujaruhusu kompyuta za nje ya duka.

Kilicho halali na kisicho halali

Mfumo wenyewe si haramu, kama ambavyo baiskeli si haramu eti kwa sababu mwizi aliipanda. Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo huru ya kuendeshea kompyuta, hutolewa na wenyewe kwa torenti. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kufanyia mahesabu, nayo pia. Maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive hutoa vitu vyake kwa torenti tangu mwaka 2012. Wasomaji wa Tanzania huenda wanakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya aina hiyohiyo kwa Kiswahili.

Haramu ni kugawa kazi ya mtu bila ruhusa yake. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Grokster, iliamua kwamba anayesambaza programu ya kugawana mafaili kwa nia ya kuwahimiza watu kuvunja hakimiliki anaweza kuwajibishwa. Aprili 2009 mahakama ya Sweden iliwatia hatiani watu wanne wa tovuti ya The Pirate Bay na kuwahukumu kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja pamoja na fidia, ingawa rufaa ilipunguza vifungo.

Kwetu pia sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001 na chombo chake KECOBO. Mwenye kibanda anayewaingizia wateja nyimbo na filamu kwenye memori kadi kwa malipo asidhani yuko salama kwa sababu tu kila mtu anafanya hivyo. Anauza mazao ya shamba lisilo lake. Msanii naye ni mkulima, na zao lake ni wimbo. Tunaolia kila msimu kwamba walanguzi wanakula jasho letu hatuna uso wa kumlangua mwenzetu.

Ukumbuke pia kwamba katika torenti hupokei tu, bali unagawa kwa wakati huohuo. Na kila uliyegawana naye anaweza kuiona namba ya mtandao ya kompyuta yako. Si mahali pa kujificha.

Mwenza kwa mwenza bila bando

Kwa wasomaji wengi wa kurasa hizi, namna yenye faida zaidi ya kugawana mafaili haihitaji torenti wala intaneti. Tayari iko mfukoni, nayo ni simu kwa simu.

Wengi hudhani kutuma video kwa WhatsApp ni kugawana kwa namna hii. Sivyo. Video hiyo inapanda mpaka kwenye seva za kampuni, kisha kila mwanakikundi anaishusha kwa bando lake. Kikundi cha watu 32 kikishusha video ya MB 50, kimetumia MB 1,600, mbali na bando la aliyeituma.

Njia nyingine ni hii. Mtu mmoja anapakua video mara moja, MB 50. Siku hiyohiyo anampa mwenzake mmoja kwa Bluetooth, au kwa programu kama Quick Share na Xender zinazounganisha simu mbili kwa Wi-Fi bila intaneti. Sasa wako wawili. Kesho kila mmoja anampa mwingine mmoja, wanakuwa wanne. Kesho kutwa wanane. Siku ya tano wote 32 wanayo. Bando lililotumika ni MB 50 tu, na hakuna aliyetoa zaidi ya mara tano.

Bluetooth ni ya polepole. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, video ya MB 50 inachukua sekunde 200, zaidi kidogo ya dakika tatu. Wi-Fi ya simu kwa simu ni ya kasi zaidi. Hata hivyo zote mbili ni fupi kuliko kikao cha kikundi kinavyosubiri akidi itimie.

Video za mafunzo halali zipo. Shirika la Access Agriculture, kwa mfano, linatoa video za kilimo kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na linaruhusu zipakuliwe bure. Maofisa ugani nao wana vijarida na mabango ambayo wangefurahi kuyaona yakisambaa.

Hatari ya mbegu iliyopitwa na wakati

Kuna kasoro moja ya njia hii isiyosemwa sana, na kwa mkulima ndiyo yenye madhara makubwa. Faili likishagawanywa halina wa kulirudisha. Tovuti ikikosea hurekebisha ukurasa wake na kila anayeingia anaona jipya. Lakini faili lililo katika simu 32 litaendelea kuzunguka miaka mitatu baadaye na kosa lake.

Fikiria jedwali la kipimo cha kiuatilifu ambamo nukta iliachwa, mililita 2.5 ikasomeka 25. Au ushauri unaotaja dawa ambayo baadaye iliondolewa sokoni. Au bei ya alizeti ya msimu uliopita anayoonyeshwa mkulima na dalali kama ya leo. Alama ya kidole haisaidii hapo, kwa kuwa kosa limenakiliwa kwa uaminifu kamili.

Kwa sababu hiyo kikundi kinachotaka kunufaika kijiwekee taratibu chache. Jina la kila faili libebe mada, mwezi na mwaka, pamoja na aliyelitoa. Mtu mmoja, kwa kawaida katibu, awe mtunza nakala ya asili, na mwenye shaka arudi kwake. Kila mwanzo wa msimu yatangazwe mafaili yaliyopitwa na wakati ili yafutwe kwenye simu za wote. Kipimo cha dawa kisifuatwe kwa kuangalia simu peke yake, kilinganishwe na lebo ya chupa. Na faili la aina ya programu lisipokelewe kwa mtu, lipakuliwe kwa mwenyewe.

Vilevile kikundi kiamue mapema ni nani atapakua na atarudishiwaje bando lake. Vikundi vingi humwachia kijana mwenye simu nzuri abebe gharama mwezi hadi mwezi, mpaka siku anapochoka na taarifa zinakatika. Hapo kikundi kinakuwa kimerudi palepale pa Gnutella ya mwaka 2000, ambapo mmoja anatoa na wengi wanachukua. Shilingi chache kutoka kwenye mfuko wa kikundi zinatosha kuzuia hilo.

Mpango wa "kopa ng'ombe" nao haufi kwa sababu ng'ombe ni wabaya. Unakufa pale familia ya tatu au ya nne inapomuuza ndama na kunyamaza, na jirani aliyekuwa kwenye foleni akabaki na banda tupu alilolijenga.